Afya Nyumbani: Mizani kwa Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu afikapo katika kituo cha afya huulizwa habari za kikohozi, kisha huombwa makohozi yapimwe. Hayo ni ya lazima. Lakini liko jambo jingine ambalo hufanywa haraka haraka, au huachwa kabisa, nalo ni kupima kama mwili wake umedhoofika kwa upungufu wa lishe. Maradhi haya na njaa huandamana. Mwili uliokosa chakula hushindwa kuvizuia vijidudu, navyo vikiisha kupata nguvu huondoa hamu ya kula na kuuchoma mwili kwa homa.

Kwanza hupimwa uzito, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu, na mgonjwa akiwa amevua viatu na nguo nzito. (Buti za askari si nyepesi.) Halafu hupimwa urefu. Kilo hugawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe. Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 44. 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 44 ikigawanywa kwa 2.56 hupatikana 17.2. Kwa mtu mzima, jibu lililo chini ya 18.5 laonyesha upungufu wa lishe. Likiwa chini ya 16, upungufu huo ni mkali, na mgonjwa hapaswi kurudishwa nyumbani kwa maneno matupu ya "kale vizuri".

Hata hivyo hesabu hiyo yaweza kudanganya, hasa kwa watu waliokuwa na miili yenye nguvu. Tuseme askari mwenye urefu wa mita 1.78 alikuwa na kilo 74, na sasa anazo 62. Jibu lake ni 19.6, na karatasini aonekana mzima. Lakini amepoteza kilo 12, yaani zaidi ya asilimia 16 ya uzito wake! Mtu aliyepungua zaidi ya asilimia 10 katika miezi michache pasipo kukusudia, huyo amedhoofika, hata kama sare bado yampendeza. Kwa hiyo mhudumu hana budi kuuliza uzito wa zamani. Asiyeukumbuka aulizwe habari za mkanda wake: ameukaza matundu mangapi? Mara nyingi mke ndiye ajuaye jibu.

Tena miguu itazamwe. Ikibonyezwa kwa kidole gumba na kubaki shimo, imejaa maji, na maji hayo huongeza kilo za uongo. Kwa mama mjamzito, na kwa mgonjwa asiyeweza kusimama, hutumika utepe wa kuzungusha sehemu ya juu ya mkono.

Wako wanaoiogopa mizani. Hapa Uganda hofu hiyo ina historia yake, kwani katika miaka ya 1980 watu waliuita UKIMWI "silimu" kwa sababu ya kukondesha, na hata leo mtu akikonda majirani hunong'ona. Askari huficha wembamba wake ndani ya koti. Ni kweli kwamba kila mwenye kifua kikuu apaswa kupimwa virusi vya UKIMWI, na kisukari pia. Lakini yote mawili yana dawa, na kujificha hakuna.

Uzito una kazi nyingine: idadi ya vidonge hupangwa kwa kilo za mgonjwa. Basi apimwe tena kila mwezi, na kilo ziandikwe katika kadi yake. Uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Jharkhand, India, na kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wagonjwa walioongezeka asilimia 5 ya uzito katika miezi miwili ya kwanza walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa. Kwa mama wa kilo 44, hizo ni kilo 2 na robo tu. Na katika nyumba ambamo jamaa wote waliongezewa chakula, walioambukizwa na kuugua walipungua kwa asilimia 39 hivi. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kumtengea mgonjwa yai huku watoto walalao chumba kimoja naye wakila posho kavu. Maharagwe, mukene, karanga, simsim na dodo vyafaa sufuria nzima. Pombe iachwe.

Ikiwa miezi miwili imepita na kilo hazikupanda, au zashuka, msingoje tarehe ya kadi. Mrudisheni mgonjwa kituoni pamoja na vidonge vyake vilivyobaki, ili mhudumu avihesabu, achunguze kama dawa zafanya kazi, na aulize waziwazi kama nyumbani kuna chakula.