Tusiuze Kabla ya Kujaribu Kutengeneza



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya stoo iliyo nyuma ya maabara. Nasikia kwamba vitu vyake vitauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu muhula ujao. Mimi sikubali, na sababu yangu yatoka mbali, basi wasomaji wanivumilie.

Alikuwako Mmarekani, jina lake Edwin Link, aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya hewa katika mji wa Binghamton. Kijana alitamani urubani, lakini masomo ya angani yalikuwa ghali mno. Akachukua mivukuto ya vinanda vya babaye, akaunda eropleni ndogo isiyoruka. Mwaka 1929 ikawa tayari. Mwanafunzi huketi ndani akafunikwa asione nje. Akishika usukani, mivukuto hujaa hewa au husinyaa, na chombo chote huinama na kugeuka kana kwamba kiko angani. Watu walidhani ni mchezo, kikauzwa kwenye viwanja vya burudani! Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kupeleka barua kwa eropleni, marubani kadhaa walikufa wakiruka katika hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi likanunua vyombo 6, na katika Vita Kuu ya Pili vilienea majeshi mengi.

Leo vyombo hivyo ni vikuukuu. Katika nyumba za makumbusho za Uingereza, Marekani na kwingineko, watu wa kujitolea huvifufua. Kitambaa cha mivukuto huoza, hewa ikavuja, chombo kisiinuke sawasawa. Hukibandua polepole, wakakata kipya kwa kipimo cha kile cha zamani, wakakibandika kwa gundi, wakajaribu. Kikivuja, huanza tena. Ni kazi ya saburi kuliko ya elimu kubwa. Wahunzi wa Ufipa wa zamani wangeifahamu mara moja, maana mvukuto ni mvukuto.

Sasa stoo yetu. Mna cherehani 4 za miguu, hadubini 3 zenye kutu, na kinanda cha kukanyaga ambacho mivukuto yake imeliwa na panya. Darasani kwetu watu 15 hungojea hadubini moja. Muhula uliopita zamu yangu haikufika kabisa. Wako wasemao afadhali fedha ya mizani. Fedha hiyo itanunua chaki za majuma mangapi? Nakiri si vyote vitakavyopona: hadubini moja haina lenzi hata moja, hiyo na iuzwe. Tena najua mali ya Serikali ina taratibu zake. Hatuombi kupewa, twaomba tuachiwe muhula mmoja tu.

Wanafunzi 9 tumekwisha kujiandikisha. Fundi viatu mmoja wa hapa Kawajense amekubali kutufundisha kukata ngozi kila Jumamosi, bila malipo. Tumepungukiwa ngozi laini, gundi na mafuta ya cherehani. Mzazi mwenye mkoba wa zamani wa ngozi asiutupe, ampe mwanawe aje nao shuleni.