Akiba Isiyoopolewa

Meli tunayoiita Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, nayo ikarejea safarini mwaka 1927. Simu ikidondoka kutoka boti ya Gombe haitapata rehema hiyo. Hata hivyo, wengi huondoka Mwanga na picha pekee ya marehemu mama ndani ya simu moja. Huko si kuhifadhi, ni kubahatisha. Kabla ya safari, nakili picha zako, nakala ibaki nyumbani. Zile za njiani, zinakili kila jioni kwenye flashi, uitie katika mfuko mwingine. Ukipata mtandao, watumie ndugu. Akiba haiozi, lakini iliyowekwa mahali pamoja huzama yote pamoja.