Bonge Bado Yumo

Najua wengi mnafungua ukurasa huu mkitegemea mambo ya wachumba, wakwe na vikao vya harusi. Leo nisameheni kidogo, nawapeleka Mbekenyera kuangalia mikanda ya makarate. Mapenzi yatakuja humo humo, msiwe na haraka.

Mbekenyera ndiko kwao mama yangu. Kama hujafika, ni mkoa wa Lindi, wilaya ya Ruangwa, ingawa wazee bado wanasema Nachingwea maana ndiko walikohesabiwa zamani. Nchi ya korosho na ufuta. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 90, mjomba wangu alikuwa na banda la video pale: runinga moja ya kichogo, deki moja, jenereta ya kelele nje, na mabenchi ya miti yaliyokuwa yanachana nguo. Wasichana hatukuruhusiwa. Mie niliingia kwa kuwa ni mpwa wa mwenye banda, na kwetu Umwerani ukiwa na mjomba una serikali nzima nyuma yako.

Stering wa wenzangu alikuwa Bruce Lee, au Jackie Chan. Wa mjomba alikuwa yule mnene. Tulimwita Bonge, jina lake hasa ni Sammo Hung. Mtu ana kitambi, mashavu kama maandazi, halafu anaruka samasoti unabaki mdomo wazi. Ndiye anayepigana na Bruce Lee mwanzoni kabisa mwa Enter the Dragon ya mwaka 1973, wamevaa bukta nyeusi, anaangushwa kila dakika. Mjomba akirudisha mkanda hapo anasema, "Angalieni anavyoanguka. Kuanguka hivi ni kazi ya mwenye akili." Sisi tulicheka. Tulimwona Bruce tu.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mwenzangu amecheza mpira tangu akiwa chandimu, akafika mpaka daraja la kwanza, na hata baada ya kupata kazi ya ofisini jioni zote zilikuwa za uwanjani. Mwaka jana kano ya goti ilikatika. Akafanyiwa upasuaji, daktari akamwambia kutembea utatembea, mpira sahau. Msomaji, nyumba yetu iligeuka matanga. Mtu hasemi. Nikamwambia watoto wa mtaani wanahitaji kocha, akanijibu, "Kufundisha ni kwa waliokwisha." Nikimgusa anasema amechoka. Mimi naye si malaika, nikaanza kununa na kuhesabu siku ambazo hajaniuliza nimeshindaje. Kufikia Novemba nilikuwa nimeshampigia dada yangu simu kuuliza kama chumba cha wageni kiko wazi.

Desemba tukaenda Mbekenyera kwa sababu tulikuwa tumeshaahidi, basi. Safari nzima kila mtu na dirisha lake.

Mjomba sasa ni mzee. Alianguka na pikipiki miaka kumi iliyopita, anatembea na fimbo. Banda lilishakufa siku nyingi, simu zimeliua, lakini ana umeme wa jua na runinga bapa, na flashi imejaa picha. Baada ya shikamoo na ubwabwa akamgeukia mume wangu: "Mkwe, makarate unaangalia?" Mkwe akajibu kwa adabu tu kwamba anaangalia. Basi ikawekwa Ip Man 2.

Mie nilidhani Bonge alishastaafu zamani. Kumbe! Filamu ile ni ya 2010. Bonge yumo kama mwalimu mkubwa wa kung fu, na ndiye pia aliyepanga mapigano yote. Kuna pambano juu ya meza ya duara, yeye na Donnie Yen, ukikanyaga chini umeshindwa. Donnie ni mdogo kwake kwa miaka kumi na moja. Halafu mjomba akasimamisha picha, akatuambia jambo ambalo nilikwenda kulihakikisha mwenyewe baadaye, na ni kweli: mwaka 2009, kazi ya filamu hiyo hiyo ikiendelea, Bonge alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Ana miaka 57. Akarudi, akapigana mwenyewe.

Nilitegemea mwenzangu atoe neno. Akauliza tu, "Daktari wake alimruhusu?" Mjomba akasema, "Hilo muulize daktari."

Tuliporudi mjini nikaanza kufuatilia maisha ya huyu mtu, si unajua umbea wa mhariri. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1952. Akiwa mtoto wa kama miaka tisa akapelekwa shule ya opera ya Kichina, watoto wanalala huko huko, fimbo asubuhi na jioni, kusimama kwa mikono mpaka mikono inatetemeka. Jackie Chan alikuwa mdogo wake pale. Alipofika miaka 16 akaumia, akalala kitandani muda mrefu, na hapo ndipo mwili ulipojaa. Yaani ule unene tuliokuwa tunaucheka bandani ulitokana na jeraha. Mtu mwingine angetafuta kazi ya kuuza duka. Yeye akaufanya ndiyo alama yake, na tangu miaka ya 70 akawa anapanga mapigano ya wengine na kuongoza filamu. Mwaka 1988 akaigiza kama mwalimu wake yule yule mkali katika Painted Faces, hakuna kurukaruka sana, ni sura tu na sauti, na akapata tuzo ya mwigizaji bora wa Hong Kong.

Kuna mengine ya kati nayaruka. Kati ya 1998 na 2000 alikwenda Marekani akawa stering wa tamthilia ya polisi, Martial Law, Kiingereza chake kikiwa cha kuokoteza. Ila uzeeni ndiko kunakonivutia. Mwaka 2016 aliongoza The Bodyguard, akaigiza mlinzi mstaafu anayepoteza kumbukumbu. Nitasema ukweli, picha yenyewe si kali, hadithi ina sukari nyingi na mapigano yamekatwakatwa. Lakini mzee yule anaposimama anajaribu kukumbuka yuko wapi, nilimkumbuka babu yangu nikazima kidogo. Mwaka 2020 ikatoka Septet, filamu fupi saba za waongozaji saba, na ya kwake ni ile shule ya utotoni. Nafasi ya mwalimu akampa mwanawe Timmy. Na mwaka 2024, ana miaka 72, magoti yameshachoka na fimbo ameshaizoea, akatokea tena katika Twilight of the Warriors: Walled In kama bosi wa wahuni. Safari hii mapigano yamepangwa na Mjapani, Kenji Tanigaki. Bonge kaja, kapiga watu, kaondoka.

Msidhani haya ni ya Wachina tu. Pale Kampala, mtaa wa Wakaliga, walikotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vijisenti, yuko Bruce U, mpiganaji wao, ambaye amewafundisha watoto wa mtaa kung fu mpaka nao wakaingia kwenye filamu.

Turudi Mbekenyera. Asubuhi ya pili tuliamshwa na makelele. Mjomba kakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mkorosho, mbele yake vijana kama kumi na wawili, anawafokea. "We mrefu! Teke hilo la kufukuza mbuzi?" Kijana anarusha tena, mjomba anamchapa kisigino kwa fimbo, anamwonyesha kwa mkono mguu uende wapi. Wengine wanacheka pembeni, akigeuka wananyamaza. Hakuwa mwalimu mpole, na sijui kama ana mbinu yoyote ya kisasa. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Mjomba akamwita, "Mkwe, njoo unisaidie kuhesabu." Akasema goti linauma. "Nimekuomba goti?"

Akaenda. Akahesabu, moja mpaka ishirini, mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Mara ya nne nikamsikia anamwambia mmoja wao ashushe bega.

Kwenye basi la kurudi tuliongea, si sana. Alinieleza ilivyokuwa siku ile goti lilipokatika, jambo ambalo hajawahi kunisimulia tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilijua vipande tu. Mie nikamwambia habari ya chumba cha wageni kwa dada. Alinyamaza kutoka Nangurukuru mpaka karibu na daraja la Rufiji. Kisha akaniuliza kama bado kiko wazi. Nikamwambia sijui, sijampigia tena.

Watoto wa mtaani bado hawana kocha. Lakini juzi usiku nimeamka nikamkuta sebuleni na lile pambano la mezani, sauti ameipunguza. Nikakaa. Tukaangalia mpaka meza inapasuka, halafu akarudisha nyuma.