Makofi si Hukumu

Msomaji kijana, mtu akisifiwa kwa sababu ya nchi aliyotoka, hakusifiwa yeye, imesifiwa nchi. Kosa hili limeenea sana kwetu, na lilionekana wazi mwaka 2024, ilipotoka picha ya sinema iitwayo A Quiet Place: Day One. Mchezaji wake mkuu ni Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Meksiko mwaka 1983 akalelewa Kenya, na ambaye mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar. Wako walioisifu picha hiyo kabla ya kuiona, na walipoiona wakairudia sifa ile ile bila kuongeza neno. Wako na wengine wanaosema kuwa picha zote za kutisha ni takataka ziharibuzo vijana. Nao wakaihukumu bila kuitazama. Makundi haya mawili hugombana, lakini ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yamekataa kazi ya kupima. Nataka kukushawishi usiwe wa kundi lolote kati ya hayo.

Picha hii ni ya tatu katika mfululizo. Ya kwanza ilitoka mwaka 2018 na ya pili mwaka 2021, zote mbili zikiongozwa na John Krasinski. Hii iliongozwa na Michael Sarnoski. Kwa kutoka, imefuata. Kwa hadithi, imetangulia, maana inaeleza siku ya kwanza ya maangamizi. Viumbe wasioona, lakini wenye masikio makali ajabu, wanaanguka kutoka juu katika mji wa New York na kumwua kila atoaye sauti. Lupita ni Samira, mshairi mgonjwa wa saratani, ambaye siku zake zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa kabla ya balaa kuja. Watu wanakimbilia mashua, kwa kuwa viumbe hao hawawezi kuogelea. Yeye anashika njia nyingine, paka wake kifuani, kwenda Harlem kutafuta kipande cha piza kama kile alichokuwa akila na baba yake utotoni.

Tuanze na uzuri, maana atakaye kulaumu kwa haki hulipa kwanza deni la sifa. Picha nyingi za kutisha huuliza swali moja tu: je, huyu atapona? Hapa jibu linajulikana tangu mwanzo. Samira hatapona, viumbe waje wasije. Kwa hiyo swali linakuwa kubwa zaidi: mtu aliyebakiwa na saa chache atazitumia kwa nini? Anakutana na Eric, kijana Mwingereza mwanafunzi wa sheria, aliye peke yake katika mji wa ugenini na anayetetemeka kwa hofu. Mgonjwa anamtia moyo mzima, na mzima anajifunza kumhudumia mgonjwa. Lupita amefungwa ulimi karibu muda wote, lakini macho yake na pumzi zake husema kile ambacho wengine wangehitaji kurasa tatu kukieleza.

Wala usidhani kwamba kimya hicho ni ndoto ya wageni. Kati ya mwaka 1952 na 1956, misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya iliwaficha wapiganaji ambao kikohozi kimoja, au kijiti kilichovunjika chini ya mguu, kiliweza kuwatoa roho. Nyeri haikungoja sinema iifundishe kuwa mtu aweza kuishi kwa kunyamaza. Hofu yenye mzizi kama huo ndiyo hofu ya kweli, na katika Samira imo.

Sasa tuje kwenye udhaifu. Jina la picha linaahidi siku ya kwanza, lakini siku yenyewe haielezwi. Viumbe wametoka wapi, wametaka nini, mji mkubwa namna ile ulikufaje? Tunapewa moshi na vifusi, na maswali tunaachiwa. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi naongeza kuwa zimwi ulijualo halikutishi likakwisha. Na aliyeziona picha mbili za kwanza alikwisha kulijua zimwi hili.

Pili, picha inavunja sheria iliyojiwekea. Sauti ndogo ni kifo, lakini paka anapita katika moto, maji na mauaji bila kulia, kana kwamba amesoma hadithi na kujua zamu yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna mtu mmoja, Henri, ambaye katika kumzuia mwenzake aliyepagawa asipige kelele, anamwua pasipo kukusudia. Je, ni halali mmoja afe ili wengi wapone? Hapo palikuwa na picha nzima. Mwongozaji anaufungua mlango huo, anachungulia, kisha anapita.

Utaniambia, ‘Kumkosoa ndugu yetu ni wivu.’ Nenda Chaka, katika njia iendayo Nanyuki, umtazame mama anunuaye viazi. Huvigeuza, huvibonyeza, huvinusa, hata kama muuzaji ni shangazi yake. Hamchukii shangazi; anajua kuwa kiazi kilichooza hakiponyeshwi na undugu. Ikiwa viazi vya shilingi chache hupimwa hivyo, kwa nini kazi ya akili ipokewe bila kuguswa? Msanii asiyekosolewa na watu wake amefanywa mtoto mdogo, ambaye hushangiliwa kwa kusimama tu.

Ukitaka kuona hofu iliyoota mizizi kwetu, itafute Pumzi, picha fupi ya dakika 20 hivi ambayo Mkenya Wanuri Kahiu aliiongoza mwaka 2009. Inasimulia dunia baada ya vita vya maji. Watu wamefungiwa ndani, na hata jasho lao husafishwa linywewe tena. Makao yao huitwa Maitu, neno ambalo mtoto wa Nyeri hahitaji kufasiriwa, kwa kuwa ndilo amwitialo mama yake. Hamna zimwi humo. Kitishacho ni kiu. Na Chaka imo Kieni, nchi kavu iliyo kati ya milima miwili, ambako kiangazi kikizidi maji huwa jambo la kugombaniwa. Siisifu kwa kuwa ni yetu, maana ningeibomoa hoja yangu mwenyewe. Tena ina upungufu, kwani watu wanaomzunguka Asha, mwanamke wa hadithi hiyo, wanabaki kuwa vivuli. Naisifu kwa kuwa inajua inaogopa nini.

Hukumu yangu juu ya Day One ni hii: mchezaji ni mkubwa kuliko mchezo. Samira atakumbukwa, viumbe wale watasahauliwa. Huenda wewe ukaitazama ukaona vingine, na haki hiyo ni yako, mradi uitazame kwanza na uwe tayari kutoa sababu. Mwenzako akikuuliza kama picha ilikuwa nzuri, usimjibu kwa jina la nchi. Mwambie nini kilikuwa kizuri, wapi palilegea, na kwa nini.