Vituo vya Malezi Visichague Watoto Watulivu Tu

Wazazi wengi wa mijini wanaijua simu hii. Ni asubuhi, mama yuko dukani au ofisini, na kituo cha kulelea watoto kinapiga: "Mama Junior, njoo umchukue mwanao, kamng'ata mwenzake tena." Mara ya kwanza anaomba radhi. Wiki mbili baadaye anaelezwa kwa upole kwamba mtoto amewashinda, kwamba ada ya mwezi hairudishwi, na kwamba begi lake liko mlangoni. Mtoto ana miaka mitatu, na tayari amefukuzwa.

Sisi tunasema hilo si sawa. Kituo kinachowataka watoto watulivu tu kinakodisha mahali pa kukaa, na kisijiite cha malezi.

Mtoto huyo hatoweki akishatolewa. Anapelekwa kituo cha pili, kisha cha tatu, na kila anapohamishwa anazidi kuwa mkali kwa sababu hakuna sura anayoizoea. Mwishowe anabaki nyumbani na dada wa kazi, binti ambaye mara nyingi naye bado anahitaji kulelewa, na televisheni ya katuni tangu asubuhi hadi jioni. Dada akishindwa, anayeacha kazi ni mama. Ni nadra kusikia baba ameacha.

Kwa nini mtoto mdogo anang'ata, anarusha vitu, anagaragara chini? Wengi wao, katika umri wa miaka miwili au mitatu, wana hasira nyingi na maneno machache. Lugha ikikua, meno hupumzika. Lakini wapo wenye jambo jingine. Mtoto aliyeugua masikio mara kwa mara huitwa mkaidi kwa kuwa haitiki anapoitwa, kumbe hasikii vizuri. Mwenye usonji anaweza kuteseka kweli kweli ndani ya chumba chenye redio juu na watoto wanaopiga kelele kwa pamoja. Mwingine ameamshwa saa kumi na moja alfajiri ili mama awahi daladala, na ikifika saa nne hana nguvu ya kuvumilia lolote. Mwingine amebadilishiwa dada mara tatu ndani ya mwaka, au jana usiku alisikia wazazi wake wakigombana. Kila mmoja wa hawa anahitaji msaada wake, na hakuna anayeponywa kwa kufinywa wala kwa kutimuliwa.

Wale wanaopenda kutukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi wasome kwanza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 13 kinakataa adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili, na kinakataa pia kumwadhibu mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu. Mwenye kituo anayemrudisha mtoto mlangoni akishasikia neno usonji ajue anakanyaga wapi.

Tuwe wakweli kwa walezi pia. Mlezi mmoja mwenye watoto ishirini, mshahara mdogo na mafunzo ya kuokoteza hawezi kumkalia mtoto mmoja anayehitaji mkono wa pekee. Lawama hapo ni ya mwenye kituo, anayepokea ada za watoto ishirini na kuajiri mtu mmoja. Aongeze mlezi, awafundishe walezi wake. Mengi yanayosaidia hayana gharama kubwa: ratiba isiyobadilika-badilika, mlezi mmoja ambaye mtoto anamjua, kumwambia mapema kwamba mchezo unakaribia kuisha badala ya kumnyang'anya mpira ghafla. Na daftari. Mlezi aandike kila tukio: saa ngapi, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia. Likijaa kurasa mbili tu, laweza kuonyesha kwamba mtoto anang'ata karibu kila siku muda mfupi kabla ya uji. Basi uji uwahishwe, kabla mtu hajaanza kuzungumzia mashetani au malezi mabaya ya mama.

Wazazi nao waache kuficha. Mama anajaza fomu, anaandika chanjo na namba ya simu, na hasemi neno kuhusu mtoto anayejigonga kichwa ukutani akikasirika, kwa hofu kwamba atanyimwa nafasi. Hofu hiyo tunaielewa. Hata hivyo, anayelipa gharama ya siri hiyo ni mtoto, maana mlezi anakutana na tatizo bila kujiandaa. Sema yote siku ya kwanza. Kituo kitakachokukataa siku hiyo kimekupunguzia safari.

Na unapotafuta kituo, usiende saa za mapokezi, wote wakiwa wamechana nywele. Nenda saa sita mchana, watoto wakiwa wamechoka na chakula kinagawiwa. Sikiliza mlezi anavyosema na yule anayegoma kula. Uliza: mtoto akimpiga mwenzake, mnafanya nini? Ukijibiwa "hapa wote wana adabu," ondoka. Na mtoto anayerudi kila jioni amelegea, amelala fofofo kupita kawaida yake, mpeleke hospitali na uulize kituo wamempa nini.

Serikali ina wajibu wake. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, imeweka malezi yenye mwitikio miongoni mwa nguzo zake. Maana yake, kwa lugha ya nyumbani, ni kwamba mtu mzima asome mtoto anataka kusema nini na amjibu. Nguzo hiyo haina maana ikiwa mtoto anayesema kwa meno anaishia getini.

Tunawaomba maafisa ustawi wa jamii wanaokagua vituo wasiishie kwenye vyoo, uzio na magodoro. Wahesabu walezi. Wadai daftari. Waulize ni watoto wangapi wameondolewa mwaka huu na kwa sababu gani, na kabla mtoto yeyote hajatolewa, wahakikishe amepelekwa hospitali akapimwa masikio na ukuaji. Mwenye kituo asiye na majibu ya maswali hayo asipewe cheti.