Bronkoskopu ya kutupwa au ya kutakaswa: uamuzi ulioletwa na janga katika vyumba vya wagonjwa mahututi

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi, 2020 kuwa UVIKO-19 umefikia kiwango cha janga la dunia, mjadala wa umma ulijikita katika barakoa, oksijeni na mashine za kusaidia kupumua. Ndani ya vyumba vya wagonjwa mahututi kulikuwa na swali jingine lisilosikika mitaani. Daktari anapolazimika kuchungulia mapafu ya mgonjwa aliye kwenye mashine, atumie kifaa cha kudumu kitakachotakaswa na kutumiwa kwa mgonjwa mwingine, au kile kinachotupwa baada ya matumizi ya mara moja?

Bronkoskopu ni mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani, unaopitishwa hadi kwenye matawi ya njia ya hewa. Aina hii inayopindika ilibuniwa nchini Japani na Dkt. Shigeto Ikeda katika miaka ya 1960. Kwa mgonjwa mahututi hutumika kunyonya makohozi mazito yaliyoziba pafu, kuchukua sampuli za maabara, kutafuta chanzo cha damu, na kumwongoza daktari anapoingiza bomba la kupumulia pale njia ya hewa inapokuwa ngumu kufikiwa.

Ugumu wa kifaa cha kudumu huanza baada ya kazi kwisha. Ndani yake mna mfereji mwembamba ambamo makohozi na damu hupita. Muuguzi hutakiwa kukifuta na kukisukutua papo hapo kando ya kitanda kabla uchafu haujakauka. Kisha hupelekwa katika chumba cha utakasaji, hupimwa kama kinavuja, husuguliwa kwa brashi na sabuni maalumu, huzamishwa katika dawa kali ya kuua vimelea, husuuzwa, hukaushwa kwa hewa ya msukumo na kutundikwa kabatini. Hatua moja ikirukwa, hata ile inayoonekana ndogo ya kukausha, bakteria huota utando ndani ya mfereji, na utando huo ukishashika ni vigumu kuuondoa.

Hatari hiyo imeandikwa katika kumbukumbu rasmi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza kuwa kati ya Januari 2010 na Juni 2015 ilipokea taarifa 109 za maambukizi au uchafuzi uliohusishwa na bronkoskopu zinazorudiwa kutumika. Mwaka 2018, watafiti waliochunguza bronkoskopu 24 katika hospitali tatu za nchi hiyo walikuta vimelea katika 14 kati yake, ingawa zote zilikuwa zimekwishatakaswa. Kwa mtu mwenye afya, vimelea hivyo huenda visimdhuru. Kwa aliye mahututi, ambaye kinga yake imedhoofu na mapafu yake yamechoka, nimonia mpya yaweza kuwa ndiyo inayomwondoa duniani.

Janga lilipofika, chama cha wataalamu wa bronkoskopia cha Marekani kilishauri Machi 2020 kwamba kipimo hicho kisifanywe kwa mgonjwa wa UVIKO-19 ila pale kinapohitajika kweli, kwa kuwa husababisha kikohozi na kurusha hewani chembechembe zenye virusi. Kikashauri pia kwamba inapobidi, kifaa cha kutupwa kipewe kipaumbele kikiwapo.

Hapa panahitaji uangalifu, maana hoja mbili zilichanganywa. Kifaa cha kutupwa hakimkingi daktari aliyesimama mbele ya mgonjwa anayekohoa, kwani chembechembe hutoka vilevile. Aidha, virusi vya korona vina gamba la mafuta linalovunjwa kwa urahisi na dawa za utakasaji. Faida yake ya kweli ilikuwa kwingine: hakuna kifaa kichafu cha kubeba kupitia korido, hakuna mtumishi wa utakasaji anayewekwa hatarini, na usiku wa manane, chumba cha utakasaji kikiwa kimefungwa, kifaa kipo rafuni. Juni 2021 mamlaka hiyo ya Marekani nayo ilishauri hospitali zifikirie vifaa vya kutupwa pale hatari ya kueneza maambukizi inapokuwa kubwa, au pasipo na uwezo wa kutakasa mara moja.

Kifaa cha kudumu bado kina nafasi yake. Kwa kawaida uwezo wake wa kunyonya na ubora wa picha zake humfaa zaidi daktari anayeondoa donge la damu au kuchukua kinyama cha uchunguzi.

Kuhusu gharama, bei ya kununulia pekee hupotosha. Kifaa cha kudumu hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na cha kutupwa dola mia chache. Hospitali inayofanya kipimo mara kadhaa kwa siku itaona cha kudumu kinajilipa. Inayofanya mara mbili kwa mwezi italipia dawa, brashi, mafunzo na matengenezo ya kitu kinachokaa kabatini, na kikiharibika mfereji, wagonjwa husubiri hadi kitengenezwe. Upande wa mazingira nao si mwepesi kama unavyodhaniwa: cha kutupwa ni plastiki na vipande vya elektroniki vyenye maambukizi vinavyohitaji tanuri la kuchomea taka, ilhali kila utakasaji hutumia maji, kemikali, glavu na gauni.

Kwa Tanzania, swali hili lina uzito wa moja kwa moja. Sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zilizopatikana mwaka 2021, ilielekezwa katika majengo ya wagonjwa mahututi na ya dharura, yakiwamo ya hospitali zilizo mbali na miji mikubwa. Huko ndiko idadi ya vipimo huwa ndogo na mhandisi wa vifaa tiba huwa mbali. Kamati ya ununuzi inayoorodhesha bronkoskopu kwa wodi ya namna hiyo inapaswa kuuliza kwanza nani atakitakasa saa nane za usiku, kwa dawa ipi, na nani atathibitisha kuwa kimekauka. Jibu likikosekana, akiba ya vifaa vichache vya kutupwa kwa dharura ni salama zaidi kuliko kifaa kimoja cha thamani kubwa kisicho na wa kukihudumia.