Unauza saa za kopi? Ile "300m" kwenye uso wa saa ni mchoro tu

Leo naongea na wanaouza saa Instagram, Facebook na WhatsApp status, hasa zile tunazoziita kopi, kopi namba moja, au "kama orijino kabisa". Posti ni ndefu kidogo ila soma mpaka mwisho, kuna hela yako humu ndani.

Msimamo wangu nautoa mapema: acha kuuza kopi za saa zenye majina makubwa. Biashara ya saa ni nzuri na sikwambii uiache, ila zile kopi zitakumaliza. Zitakumaliza kupitia vitu viwili ambavyo mteja havioni kwenye picha na wewe mwenyewe huvioni: mashine iliyo ndani ya saa, na ule mpira mwembamba unaozuia maji yasiingie.

Fikiria kopi inavyotengenezwa. Aliyeko Guangzhou anajua wewe unanunua kwa macho. Umeona rangi, umeona jina, umeona mkanda unang'aa, umelipa. Hela yake anaiweka pale macho yanapofika, na pale yasipofika anabana. Hapo ndo shida inapoanzia.

TUANZE NA MAJI

Chukua Rolex Submariner. Ya kweli ilitoka mwaka 1953 kama saa ya wazamiaji, na ya sasa imeandikwa kwenye uso wake "1000ft = 300m". Maandishi hayo yana kazi nyuma yake. Kifungo cha pembeni kinafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, mfuniko wa nyuma vivyo hivyo, na kila saa inapimwa kwa presha kabla haijatoka kiwandani.

Sasa anayetengeneza kopi anaiga uso mzima: jina, nembo, na ile "300m" pia. Kwake 300m ni sehemu ya mchoro, kama ile taji ya Rolex. Hakuna aliyeipima saa hiyo, hata kwenye ndoo. Mteja anakuuliza inboksi, "Inaingia maji hii?" Unasoma kilichoandikwa, unajibu, "Haiingii bosi, mita 300." Umetoa ahadi ambayo hata aliyeitengeneza hajaitoa.

Na hata kwenye saa za kweli hizo mita zinachanganya watu. Hazina maana kwamba utazama nazo mpaka kina hicho. Ni kipimo cha presha iliyotulia, na kila mita 10 za maji ni kama presha 1, ile inayoandikwa ATM au BAR. Ukipiga mbizi au ukikaa chini ya bomba lenye nguvu, mambo yanabadilika. Kwa lugha ya kumwambia mteja, iko hivi:

Mita 30 (3 ATM): mvua na kunawa mikono. Usiogelee nayo.
Mita 50 (5 ATM): kuogelea kidogo, bila kupiga mbizi.
Mita 100 (10 ATM): kuogelea vizuri tu, baharini na kwenye bwawa.
Mita 200 (20 ATM): michezo ya majini. Kama ni kuzama na mtungi wa hewa, atafute iliyoandikwa "Diver's", maana saa hizo zina kiwango chao cha kimataifa, ISO 6425, na kila moja inapimwa peke yake.

Kinachozuia maji ni kitu kidogo sana, mpira wa duara ambao mafundi wanauita gasketi au oringi. Unakaa kwenye mfuniko wa nyuma na kwenye kile kifungo cha kurekebishia majira. Mpira huo unachoka. Joto, sabuni, chumvi, manukato na jasho vyote vinaula. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe wanaandika "water resistant", yaani saa inastahimili maji. Sisi wauzaji ndo tunaandika "haiingii maji asilimia 100".

Halafu angalia wateja wetu wanavyoishi. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hewa yenyewe ina unyevu na chumvi. Kuna anayetawadha mara tano kwa siku na saa iko mkononi. Kuna mama anaosha vyombo, kuna kijana wa boda analowa mvua ya masika. Hakuna hata mmoja anayezamia matumbawe, lakini hayo maji madogo ya kila siku yanatosha kuingia kwenye saa ambayo mpira wake ni dhaifu au haukukaa sawa. Wiki ya pili kioo kinapiga ukungu kwa ndani. Wiki ya tatu mishale inaanza kutu. Wiki ya nne picha iko kwenye komenti zako na watu wanaisoma.

TUJE KWENYE MASHINE

Hapa wauzaji wengi wanapigwa kwa sababu hawajui tofauti ya vitu viwili: saa ya betri, na saa otomatiki ambayo haina betri na inajivuta yenyewe mkono unapotembea.

Submariner haijawahi kutoka ya betri. Kwa hiyo ukiona "Submariner" ambayo mshale wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde, tik, tik, tik, mteja anayejua saa ameshakucheka. Vivyo hivyo zile kopi za Daytona zenye visaa vitatu vidogo usoni. Kwenye ya kweli viwili kati yake vinahesabu muda unapobonyeza vitufe vya pembeni. Kwenye kopi nyingi vinaonyesha siku na tarehe, au vimechorwa tu na havitembei kabisa.

Kuna mtu atasema, "Zangu ni otomatiki, zina mashine ya Kijapani." Sawa, zipo kopi zenye mashine nzuri kama Miyota 8215, ambayo Miyota ni kampuni ya Citizen, au NH35 ya Seiko. Ni mashine za kuaminika kabisa. Lakini zijue ahadi zake. NH35 mtengenezaji anasema inaweza kupoteza sekunde 20 au kuzidi sekunde 40 kwa siku. Sekunde 40 kwa siku ni dakika 4 na sekunde 40 kwa wiki, na hapo saa haijaharibika, iko ndani ya kiwango chake. Rolex ya kweli inaahidi sekunde 2 kwa siku, kwenda mbele au nyuma. Aliyeuziwa "sawasawa na orijino" akiona saa yake imepitiliza dakika nne atakwambia umempa mbovu, na huna cha kumjibu.

Tena hiyo ni pale mashine inapokuwa kweli NH35. Wewe umeambiwa na nani? Na aliyekuuzia jumla Kariakoo, ambaye naye kaambiwa na mtu mwingine. Mzigo wa Januari unaweza kuwa na mashine moja, wa Machi nyingine, na nje zinafanana kama mapacha. Ikiharibika, fundi akifungua anakuta mashine isiyo na jina wala namba. Spea ataagiza wapi?

Zipo pia kopi za bei kubwa zinazoiga mpaka mashine yenyewe. Hizo nazo ukizipeleka kwa wakala wa kampuni hazipokelewi, na fundi wa mtaani spea zake hana. Bei imepanda, na ikileta shida mteja bado anakuja kwako peke yako.

HESABU YA MFANO

Tuseme umenunua kopi 10 kwa 30,000 kila moja. Umeuza 45,000. Faida yako ni 150,000, unatabasamu. Zikirudi tatu tu, moja imeingia maji, moja imesimama, moja inapitiliza majira, unarudisha 135,000. Saa zilizorudi huwezi kuziuza tena. Umebakiwa na 15,000, na hapo sijatoa bando wala nauli ya boda kwenda na kurudi.

Usiporudisha hela, unabaki na 150,000 yako na wateja watatu wanaokusema vibaya kila kundi la WhatsApp waliko. Chagua.

"LAKINI MTEJA ANAJUA NI KOPI"

Hii ndo hoja ninayoisikia sana, na ina ukweli nusu. Kweli anajua jina ni la bandia, kwa bei ile hawezi kutegemea Rolex. Lakini aliuliza swali la pili, kuhusu maji au kuhusu kudumu, na hilo jibu alilichukulia kwamba ni la kweli. Huyo hakudanganywa na nembo, kadanganywa na wewe. Tena wengine wananunua kumpa baba mkwe au kaka anayefunga ndoa, na anayevaa hajui chochote.

Sheria nayo haiulizi kama mteja alijua. Tanzania kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, inakamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Kenya kuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake. Na kabla hujafika huko, kanuni za Instagram na Facebook zinakataza bidhaa bandia. Mwenye nembo akilalamika, posti inashushwa, na ukirudia wanaweza kuufunga ukurasa wako wote. Wafuasi uliowatafuta miaka mitatu wanaondoka na saa ambayo hata jina lake si lako.

SASA UUZE NINI?

Uza saa yenye jina lake mwenyewe. Casio F-91W ipo tangu 1989. Ni ya plastiki, ni nyepesi, na mtengenezaji anaahidi isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Rolex inayoahidi sekunde 2 kwa siku inaweza kufika sekunde 60 kwa mwezi! Anayetaka majira sahihi tu, mpe saa ya betri na umweleze sababu, atakuheshimu. Anayetaka sura ya saa ya mzamiaji, ipo Casio MDV-106, inastahimili mita 200 na kipimo hicho ni chake mwenyewe. Anayependa otomatiki, zipo Seiko 5. Na zipo saa za Kichina zenye majina yao wenyewe, hazijifanyi mtu mwingine.

Angalizo: hata Casio inaigwa. F-91W ya kweli ukibonyeza kitufe cha kulia na kukishikilia sekunde kama tatu, kioo kinaandika CASIo. Jaribu mbele ya mteja, au rekodi video fupi uposti. Hiyo video itauza kuliko maneno 100 ya "orijino".

Kabla hujachukua mzigo, muulize muuzaji wa jumla: Mashine ni ya kampuni gani na namba gani? Naweza kuona moja imefunguliwa mgongo? Ikisimama ndani ya miezi mitatu unabadilisha? Akianza kuzunguka zunguka, hifadhi hela yako.

Na kwenye posti andika ukweli mfupi: "Inastahimili mvua na kunawa. Usiogelee nayo, usioge nayo maji ya moto, usivute kifungo cha pembeni ikiwa na maji." Ongeza na hii, maana wengi hawaijui: "Ukibadilisha betri, mwambie fundi akague mpira wa mfuniko na aurudishe vizuri." Saa nyingi zilizokaa miaka bila kuingia maji zinaingia baada ya kufunguliwa tu.

Kama una kopi zimebaki kabatini, usiongeze nyingine. Inauma, najua, mtaji ni wa kuungaunga. Lakini hasara ya mzigo mmoja inahesabika. Jina la ukurasa wako likishachafuka, hata ukileta saa nzuri watu watauliza, "Si huyu ndo yule wa zile feki?"

Wewe unauza saa gani, na swali gani mteja anakuuliza ukakosa jibu? Andika kwenye komenti tusaidiane. Mtumie posti hii na mwenzako anayejiandaa kuchukua mzigo wiki hii.